Chupa ya Mwaka wa Ndoa Yao

Mtaani walimwita Mama Miwani. Alikuwa na duka la kupimia macho pale kwenye kona, kati ya duka la dawa na fundi saa, na nyuma ya duka kulikuwa na chumba kidogo cha giza chenye kiti cha kuzunguka na ubao wa herufi. Watu wa kila namna walipita kwenye kiti kile, wakazibwa jicho moja, wakaulizwa wanaona nini. Kazi yake aliimudu, na mikono yake ilikuwa myepesi. Kasoro yake ilikuwa moja, na kwa kumtazama tu usingeijua: hakusikia harufu ya kitu chochote.

Ilimtokea miaka kadhaa nyuma, baada ya mafua makali yaliyomlaza kitandani. Mafua yakaondoka, harufu zisirudi. Daktari alimwambia asubiri. Alisubiri mpaka akachoka. Ulimi ulibaki na mambo yake ya msingi, chumvi, sukari, uchachu na uchungu, basi. Maziwa yakiharibika jikoni hakujua mpaka aone mabonge. Mwanzoni alilia, halafu akazoea, halafu akaanza kujitania mwenyewe mbele ya wageni. Wageni wakacheka, wakasahau.

Mumewe alikuwa fundi wa lifti, mtu mrefu, mkimya, aliyeshinda kutwa kwenye mashimo ya maghorofa ya watu na grisi mikononi. Starehe yake ilikuwa mvinyo wa zamani. Wa dukani aliudharau. Alikwenda kwenye jumba la mnada upande wa pili wa mji, pale vinapouzwa vitu vya waliofariki, waliofilisika na waliohama: makabati, mazulia, saa za ukutani, na huku na huku, masanduku ya chupa zilizokaa gizani miaka nenda miaka rudi. Tajiri hakuwa. Alivizia zile ambazo wenye pesa wamezipa kisogo, lebo imeliwa na unyevu, kizibo kimetitia, na hakuna ndugu wa kueleza zilitoka wapi.

"Sasa raha yake nini?" mkewe alipata kumwuliza. "Unanunua kitu cha marehemu, hujui alikiweka karibu na jiko au dirishani juani, halafu unafungua unakuta siki."

"Nyingine siki kweli," mume akakubali. "Nyingine maji matupu, hazina mbele wala nyuma. Lakini kuna ile moja, mama. Ile moja ukiionja unanyamaza. Mimi nazinunua zote kwa ajili ya ile moja."

"Na ukiikosa?"

"Nimekosa. Nitakwenda tena."

Enzi hizo walikunywa pamoja. Baada ya yale mafua mume aliendelea kummiminia kwa muda, lakini alimwona anavyomeza, kama mtu aliyepewa dawa, na taratibu akaacha. Hakununa wala hakusema neno. Aliacha tu, kama mtu anavyopunguza redio kwenye chumba cha mgonjwa. Akawa anakunywa peke yake na gazeti lake, mkewe kando akimenya machungwa, na Mama Miwani hakuona ubaya wowote.

Ubaya aliuona pale mdogo wake alipohamia mjini.

Huyo mdogo wake wa kike tangu utotoni aliitwa Kipua. Baba yao alikuwa akimfunga kitambaa machoni mbele ya wageni na kumpitishia vitu puani, kipande cha ndimu, kamba ya kiatu, sarafu, naye alivitaja vyote bila kukosea. Wageni walishangilia. Dada mtu alishangilia pamoja nao, huku kijiba cha roho kikimkaba, halafu akatumwa jikoni kuleta chai. Pua ile ilimpa Kipua kazi baadaye, kuchanganya manukato kwenye kiwanda cha sabuni. Ndoa yake ilipovunjika aliomba uhamisho, akapanga chumba mtaa wa pili kutoka kwa dada yake, na Jumapili ya kwanza akaja kula.

Siku hiyo mume alikuwa amefungua chupa yake. Kwa adabu tu akamwuliza, "Shemeji, utaonja?"

Kipua akaichukua glasi, hakunywa. Aliingiza pua, akatulia, akasema, "Shemeji, hii chupa iliwekwa karibu na vitunguu?"

Mume aliangua kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa haijakisikia muda mrefu. Kipua akanusa tena. "Lakini nyuma ya vitunguu kuna kitu kizuri. Ngozi. Majani yaliyolowa. Na penseli, shemeji. Penseli iliyochongwa sasa hivi."

"Penseli!" Mume alipiga meza kwa kiganja. "Hilo neno nimelitafuta mwaka mzima!"

Mama Miwani akawatazama, kisha akainamisha pua kwenye glasi ya mdogo wake. Hakuna kitu. Ingekuwa glasi ya maji, ingekuwa glasi tupu, kwake ni mamoja. Akatabasamu, akaenda kutoa vyombo.

Tangu hapo Kipua akawa mtu wa Jumapili. Walikaa na shemeji yake mezani wakibishana: kama chupa fulani imeharibika au imenuna tu, kama mvinyo ukishazeeka namna ile bado ni mvinyo au ni kumbukumbu ya mvinyo. Kipua alikuwa hana simile. "Huu umekufa, shemeji, mwaga," alimwambia, na yeye akamwaga bila kinyongo. Siku nyingine wote wawili walinyamaza ghafla na kutazamana, na Mama Miwani akajua wameipata ile moja. Ukimya huo ulimuuma kuliko kicheko.

Alianza kuyaona mambo. Mumewe, ambaye Jumapili zote alishinda na ndevu za jana, sasa alinyoa. Shati la nyumbani lilibadilishwa kabla mgeni hajabisha hodi. Siku moja akamsikia kwenye simu, anacheka, anasema, "Nimepata nyingine, njoo na hiyo pua yako." Kisu cha machungwa kikasimama mkononi mwa Mama Miwani. Njoo na hiyo pua yako! Yeye aliambiwa lini maneno kama hayo? Alijua fika kwamba hakuna kitu kati yao. Alijua, lakini roho haikubali kuambiwa. Usiku alilala akiwa amempa mume mgongo, na mume, hana hili wala lile, akakoroma.

Jumapili moja, wakiosha vyombo, akamwuliza mdogo wake, "Kwani wewe Jumapili huna pa kwenda?"

"Sina, dada," Kipua akajibu, akifuta sahani. "Si unajua."

Jibu lilikuwa la kweli, na Mama Miwani akaendelea kusugua sufuria. Akajikaza kisabuni, lakini wazo likaanza kumzunguka kichwani. Kama mapenzi ya mume wake yanapitia kwenye chupa, chupa si zinauzwa? Mnada si una mlango? Nani kasema lazima uwe na pua ndipo ununue?

Alifunga duka katikati ya wiki, akamwambia mteja aliyefuata fremu yake arudi kesho, akaenda. Jumba la mnada lilikuwa ghala refu lenye taa za mirija na viti vya plastiki. Nyuma yalipangwa makochi yaliyoviringishwa nailoni, na juu ya meza moja ndefu, chupa. Alizipitia moja moja, akisoma miaka kwenye lebo kama anavyosoma namba kwenye lenzi. Akaifikia moja iliyoandikwa mwaka waliooana. Moyo ukampasuka kwa furaha. Kipua angekuwa na nini cha kusema kwenye mwaka huo? Mwaka huo Kipua alikuwa bado yuko shule.

Mwanamke aliyekuwa analinda meza, amevaa glavu nyeupe, alimwona anavyoing'ang'ania.

"Mama, unainunua ya kuweka au ya kunywa?"

"Ya kunywa."

"Basi tazama hapa." Akainyanyua kwenye mwanga. "Ikiwa nzima, mvinyo unafika shingoni. Huu umeshuka mpaka mabegani. Hewa imekuwa ikiingia. Huenda ikawa nzuri, sikatai, lakini ningekuwa mimi ningeiweka kabatini niitazame."

"Mume wangu ni mjuzi," Mama Miwani akasema. "Ataielewa."

Yule mwanamke akairudisha chupa polepole.

Dalali alipoitaja, mkono wa Mama Miwani ulikuwa wa kwanza kupanda. Bwana mmoja mwenye tai, mstari wa mbele, akapandisha. Naye akapandisha. Bwana akageuka kumtazama, akamwona mama wa makamo na kipochi chake mapajani, akapandisha tena kwa dharau. Hapo ndipo wivu wote wa Jumapili zile ulipopata mtu wa kumwangukia. Kila bwana yule alipotaja bei, Mama Miwani alimwona Kipua, na mkono ukapanda wenyewe. Mwisho bwana akatikisa kichwa, akakunja karatasi yake. Nyundo ikagonga. Watu wakageuka kumtazama, na yeye akaona haya na fahari kwa pamoja.

Jumamosi alasiri, Kipua akiwa zamu kiwandani, aliiweka chupa mezani mbele ya mumewe.

Mume aliishika kwa mikono miwili. Aliusoma mwaka, akamtazama mkewe, akausoma tena. "Umeipata wapi?"

"Mnadani. Au ulidhani wewe peke yako ndiye una miguu?"

"Ulikwenda mwenyewe? Ukapandisha bei?"

"Nikapandisha mpaka mtu wa tai akanyoosha mikono."

Mume akacheka, lakini macho yalikuwa yameloa. Akakichokonoa kizibo taratibu. Kilikuwa kimeoza, kikavunjika, nusu ikazama ndani. Akamimina kwa kupitisha kwenye chujio la chai. Mvinyo ulitoka na rangi ya kahawia, kama maji ya chuma chenye kutu. Mama Miwani hakujali rangi. Alikuwa anatazama uso.

Mume alinusa. Akanywa funda moja, akalizungusha mdomoni, akameza.

"Haya, sema," mke akamhimiza. "Ikoje?"

"Ndiyo hii," mume akasema.

"Ile moja?"

"Ile moja."

Alikunywa glasi nzima, akaongeza nyingine. Mama Miwani naye alikunywa. Kwake ilikuwa chachu tu, lakini mvinyo wote kwake ulikuwa chachu. Wakakumbushana siku ya harusi, gari lililozimika njiani, mjomba aliyekalia keki. Alipoona mvinyo umebaki kidogo, mume akanyoosha mkono. "Tuumalize. Kesho utakuwa umechoka."

"Thubutu! Huo wa mgeni."

"Wa mgeni gani? Huu ni wetu."

Mama Miwani angesikiliza vizuri angeisikia hofu kwenye sauti ile. Lakini furaha ilikuwa imempanda kichwani. Aliichomeka chupa kizibo cha karatasi, akaificha nyuma ya unga.

Jumapili, kabla chakula hakijapakuliwa, akammiminia mdogo wake na kumsimamia, mkono kiunoni. "Haya, Kipua. Tuambie kuna penseli humo, au kuna nini."

Kipua akatia pua, na mara hiyohiyo akaiondoa. "Aka! Dada, huu umekufa. Umekufa na kuzikwa. Nani kakuuzia siki hii?"

Mume alikuwa anaitazama chumvi kama vile ndiyo kwanza ameiona. Kipua akamtazama dada, akamtazama shemeji, akaanza kuelewa, lakini kwa kuchelewa.

"Labda umeharibika leo," akasema haraka. "Ukishafunguliwa, unajua, hewa…"

"Usinifundishe hewa!" Mama Miwani akasema. "Ulikuwa umekufa tangu jana. Si ndiyo?"

Mume akaitikia kwa kichwa.

"Glasi mbili ulikunywa! Unaniangalia machoni, unasema ndiyo hii! Yeye ukimpa uliokufa, mnamwaga mnacheka. Mimi ndiye wa kufanyiwa kiinimacho kama mtoto! Basi oaneni, nyie wenye pua!"

Neno lilitoka, halikuweza kurudi. Kipua aliiweka glasi mezani kwa upole, akachukua mkoba wake, akaondoka bila kula. Mama Miwani akauchukua ule mvinyo, akaumwaga kwenye sinki, akafungua bomba mpaka mwisho.

Siku kadhaa nyumba ilikuwa ya "chakula tayari" na "asante". Mume ndiye aliyeshindwa kwanza. Alimkuta mkewe anakunja nguo, akasimama mlangoni.

"Ningesemaje?" akaanza. "Umekwenda mwenyewe mpaka kule, umeutafuta mwaka wetu…"

"Ungesema umekufa."

"Ungelia."

"Ningelia, halafu yakaisha. Kipua ungemwambia?"

Mume alifikiri. Mtu mwingine angedanganya hapo. "Ningemwambia."

"Kwa nini yeye?"

"Kwa sababu Kipua akikasirika anakwenda kwake. Wewe ukikasirika, mimi sina pa kwenda."

Mama Miwani alijitahidi asicheke, akashindwa, akakasirika zaidi kwa kuwa amecheka. Akamtupia soksi azikunje. Amani ya nusu ikarudi. Lakini mdogo wake hakumpigia simu. Kila Jumapili ilipofika, kiti kitupu kilimpa raha na kumtesa kwa wakati mmoja.

Kipua ndiye aliyekuja, tena si nyumbani. Alitokea dukani saa za kazi, bado ana koti la kiwanda. "Nimekuja kupimwa macho," akasema. "Kama mteja. Nalipa."

"Nani kakwambia utalipa," dada akanung'unika, akamfungulia chumba cha giza.

Akamkalisha, akamzungushia lenzi usoni. "Herufi zinaonekana vizuri hivi, au hivi?"

"Sawasawa."

"Haziwezi kuwa sawasawa. Tazama vizuri."

"Za pili." Kisha, akiwa bado amefichwa na vyuma vile usoni, Kipua akasema, "Dada, unafikiri namtaka shemeji?"

Mama Miwani akabadilisha lenzi. "Sijui. Unamtaka?"

"Simtaki, Mungu wangu! Yule mtu ananuka grisi, dada, hata akitoka kuoga!"

Mkono wa Mama Miwani ukasimama hewani.

"Bado ananuka grisi?" akauliza.

"Kwani hu…" Kipua akakumbuka.

"Nilikuwa nikimgombeza kwa grisi," Mama Miwani akasema. "Zamani. Kabla hajaingia kitandani. Nilidhani ameacha. Nilidhani sabuni siku hizi…" Wivu mwingine ukamshika hapo, mkali kuliko ule wa Jumapili zote. Mambo ya penseli na majani aliweza kuwaachia. Lakini harufu ya mume wake, ya mtu anayelala naye, aliye nayo ni mdogo wake, tena bila kuitaka, na yeye mwenyewe ameipoteza bila hata kujua kwamba bado ipo.

"Niambie yote," akasema gizani.

Kipua akafikiri, kama alivyofikiri juu ya glasi. "Grisi kwanza. Halafu sabuni ya kipande, ile ya kijani, tunaitengeneza sisi. Na chini yake kitu kama bati lililopigwa na jua. Si kibaya, dada. Ni kama… mtu aliyefika nyumbani."

Mama Miwani alilia hapo, amesimama, lenzi mkononi. Mdogo wake hakumwona vizuri kwa vile vyuma, akamtafuta mkono kwa kupapasa.

"Lakini na mimi nisikufiche," Kipua akasema baadaye, sauti imeshuka. "Raha nilikuwa naiona. Kiwandani nanusa mpaka kichwa kinaniuma, nyumbani nazungumza na birika. Kwenu mtu ananiuliza nasikia nini, halafu anangoja jibu. Niliona unaumia, nikajifanya sioni. Nilikuwa naogopa mtaacha kuniita."

Jibu hilo halikuwa tamu, lakini Mama Miwani alilipokea. Alijifuta uso kwa kitambaa cha lenzi, akarudi kwenye kazi. "Herufi za chini huzioni kabisa," akasema. "Unahitaji miwani kweli. Ulikuwa unapimaje manukato na namba huzioni?"

"Kwa pua," Kipua akasema, na wote wakacheka.

Jumapili akaja, miwani mpya usoni. Mume akafungua chupa aliyoipigania mnadani kwa muda mrefu, akamimina glasi tatu bila kuuliza. Akaonja, uso ukamwanguka. "Umekufa," akamwambia mkewe, akimtazama machoni. "Pesa yangu yote hiyo, na umekufa."

"Hata," Kipua akabisha. "Umezimia tu. Ungoje."

"Wa kungojewa mpaka lini? Una umri wa mama mkwe!"

"Mama yetu umwache," wakasema dada wote wawili kwa pamoja.

Mama Miwani akanywa. "Mimi nasikia uchachu," akasema, "halafu uchungu mwishoni, kama ganda la chungwa. Jana nilinunua wa dukani nikauonja, haukuwa na uchungu."

Wakageuka wote wawili kumtazama. Mume akanywa tena, safari hii polepole. "Kweli," akasema. "Upo." Na ubishi ukaanza upya, kama uchungu ule ni dalili ya uhai au ya kifo, na kama mtu mwenye akili timamu anunue chupa zilizozeeka kwa watu asiowajua. Hawakuafikiana. Mpaka wanamaliza kula chupa ilikuwa tupu, na Kipua alishikilia kwamba funda la mwisho lilikuwa limefufuka.

Jua lilipoanza kupungua, Kipua akaaga. Mume akainuka, kama kawaida yake. "Ngoja nimsindikize shemeji mpaka kona."

Walikuwa wameshafika mlangoni, wanacheka jambo fulani kuhusu vitunguu. Mama Miwani alikuwa na sahani mikononi. Aliwatazama migongo yao, na kile kitu kikamchoma palepale kinapochoma siku zote. Akaziweka sahani, akavua aproni, akatafuta viatu chini ya kochi.

"Ningojeni," akaita. "Nakuja na mimi."

Wakamngoja. Akapita katikati yao, akamshika mume mkono wa huku na mdogo wake mkono wa huku, wakashuka ngazi wote watatu, wakibanana.